Bao la kete la sikukuu: lipi la kupakia kwenye buti, lipi la kuwaachia watalii

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis hujaa watu wanaokwenda "kuhesabiwa", yaani kurudi kwao kwa sikukuu: Moshi, Rombo, Machame. Mizigo inayosukumwa kwenye buti za mabasi ni ileile ya kila mwaka. Kreti za soda, viroba vya mchele, televisheni bapa iliyoviringishwa blanketi, gari la rimoti la mtoto, na kapu la sikukuu lililofunikwa nailoni na kufungwa utepe mwekundu. Kwenye kapu hilo unalipia kikapu, nailoni na utepe kabla hujafika kwenye mchele, na mchele wenyewe unauzwa kwenye duka la Mangi jirani na nyumba unayokwenda. Gari la rimoti linaifikia Boxing Day likiwa limeshamaliza betri. Televisheni inawashwa, na watu waliosafiri zaidi ya kilomita 500 ili waonane wanakaa bega kwa bega wakiitazama.

Bao la kete ni kitu cha namna nyingine. Halili umeme, mwakani halitoki jipya la kulizidi, na likiwekwa mezani haliwezi kufanya lolote mpaka watu wawili wakae wakitazamana. Kwa familia inayokutana mara moja kwa mwaka, hatujui kitu kingine kinachouzwa Desemba chenye kuwakalisha watu pamoja kwa saa nyingi hivyo. Lakini ipo kasoro, nayo ndiyo sababu ya tathmini hii: mabao mengi yanayopangwa mbele ya maduka ya vinyago ni mapambo ya sebuleni yaliyochongwa yafanane na bao. Ukinunua hilo umejiongezea kitu kingine cha kufuta vumbi.

Hesabu mashimo kabla ya kuuliza bei

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8. Kete ni 64. Kila mchezaji anamiliki safu 2 za upande wake, na katika safu yake ya mbele kuna shimo moja la mraba, la 4 kuhesabu kutoka kulia kwake, liitwalo nyumba.

Hapo kwenye nyumba ndipo unapomkamata mchongaji asiyecheza. Kwa kuwa wachezaji wametazamana na kila mmoja anahesabu kutoka kulia kwake, nyumba mbili haziwezi kukabiliana uso kwa uso. Zinapishana kwa shimo moja, moja mwanzo wa nusu hii, nyingine mwanzo wa nusu ile. Ukikuta mashimo ya mraba yamechongwa yakitazamana barabara, au yamewekwa manne kwenye pembe kama urembo, rudisha bao mezani. Bao lenye mashimo yote ya duara linachezeka bila shida. Unaitia nyumba alama ya kalamu na mambo yanakwenda. Lenye nyumba mahali pasipo pake litawachanganya wanaojifunza kila zamu.

Lile la kukunja kwa bawaba, lenye safu 2 za mashimo 6 na bakuli moja kila upande, ni mchezo mwingine kabisa wa ukoo huohuo wa kupanda mbegu. Si mbaya kwa mtoto wa miaka 5. Ila halina nyumba, halina kimbi, halina namua (maneno tutakayoyaeleza kwenye kanuni), na babu wa pwani akiletewa atauliza nusu nyingine imebaki wapi. Linasafiri vizuri kwenye begi, na huo ndio uzuri wake wote. Tunalipa alama 3 kati ya 10, na 1 kati ya hizo ni ya bawaba.

Kina cha shimo

Hapa ndipo mabao mengi yanapoangukia, na ni kasoro isiyoonekana kwenye picha ya simu ambayo muuzaji anakutumia.

Kete ya komwe, mbegu ngumu ya pwani, ina upana wa sentimita 1.5 hadi 2. Shimo lenye upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 2, ambalo ndilo tunalokutana nalo mara nyingi kwenye mabao ya mapambo, hujaa kwa kete 5 au 6. Sasa kumbuka kwamba mchezo kamili unaanza na kete 6 ndani ya nyumba. Yaani bao limejaa kabla hamjacheza hata mara moja, na nyumba iliyotunzwa vizuri hufikisha kete 12, hata 15. Zikizidi zinaporomoka shimo la jirani, na hapo ndipo unaposikia, "Hiyo ilikuwa yangu!" Mchezo mzima unasimama watu wakibishana juu ya kete 1. Watoto wakigombana mara tatu kwa sababu hiyo, jioni ya pili hawarudi.

Shimo linalofaa lina upana wa sentimita 6 na kina cha 3, likiwa na umbo la bakuli. Hilo linabeba kete 12 hivi kabla hazijaanza kupanda mlima. Nyumba iwe pana kidogo zaidi. Ubao wenyewe uwe na unene wa sentimita 5 ili chini ya shimo zibaki 2. Ukiwa mwembamba zaidi ya hapo, siku ukianguka sakafuni unapasuka ukifuata mstari wa mashimo kama biskuti.

Umbo la bakuli halina uhusiano na urembo. Kete huchotwa kwa vidole vitatu na dole gumba, kwa mzunguko mmoja wa kiganja, na kiganja kinataka ukuta uliolala. Shimo lililotobolewa kwa mashine, lenye kuta zilizosimama wima na sakafu bapa, linaficha kete kwenye pembe. Ukucha unagonga mbao, unachota 5 ukidhani umemaliza, kumbe 1 imebaki. Kete iliyosahaulika shimoni inaharibu hesabu ya zamu nzima, na anayejifunza hawezi kuigundua.

Jaribio la dukani linachukua dakika moja. Omba kete. Tia 10 kwenye shimo la kawaida, litikise bao kidogo uone kama zinatulia. Kisha zichote zote kwa mkono mmoja bila kuinamisha kichwa kutazama. Rudia kwenye shimo la pembeni kabisa, kwa kuwa huko wachongaji huchoka na mashimo hupungua kina. Muuzaji akisema hana kete kwa sasa, atakuletea kesho, ujue hilo bao halijawahi kuchezwa na hata yeye hajui kama linachezeka.

Mbao, na rangi inayobaki mikononi

Mninga ndio tunaoupendelea: mgumu wa kutosha, hautanuki wala kusinyaa sana hali ya hewa inapobadilika, na unapendeza ukishikwashikwa. Bao la mninga la sentimita 65 kwa 33, unene 5, lina uzito wa kilo 5 hadi 6. Uzito huo ni faida; bao jepesi hutambaa mezani kila mtu anapochota kete kwa hasira. Mvule nao ni mzuri na wadudu hawaupendi. Mwembe ni rahisi kuchonga na bei yake ni ya chini, lakini bungua wanaupenda: tazama upande wa chini kama kuna vitundu vidogo kama vya sindano na unga mweupe unaomwagika ukiligonga. Bao la namna hiyo usiliingize kabisa kwenye nyumba yenye samani za mbao.

Mpingo unahitaji maneno mawili ya ziada kwa sababu ndiko uongo mwingi uliko. Mti wa mpingo ni mwembamba na umepindapinda, kupata kipande kimoja chenye upana wa sentimita 33 ni nadra mno, na mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini. Bao jeusi la ukubwa kamili ambalo muuzaji analinyanyua kwa mkono mmoja huku anazungumza na simu si mpingo. Ni mbao laini iliyopakwa rangi ya viatu. Chukua karatasi laini nyeupe, idondoshee tone la mafuta ya kupikia, sugua sakafu ya shimo. Ikitoka nyeusi, rangi hiyo itahamia kwenye vidole vya watoto, na kutoka hapo kwenye nguo za sikukuu.

Ufa ni tatizo la mbao mbichi. Mchongaji mwenye oda nyingi za Desemba huchonga mti ambao haujakauka, akaupiga msasa ukang'aa, na wiki mbili baadaye unafunguka. Ufa huanzia mwisho wa ubao, kwenye ncha mbili, na mashimo ya kwanza kuathirika ni yale ya pembeni yaitwayo kichwa. Kwa hiyo kati ya kichwa na ukingo wa bao ziwepo angalau sentimita 4 au 5 za mbao tupu. Mbao mbichi utaitambua pia kwa ubaridi ukiiwekea shavu, na kwa harufu kali ya utomvu. Ufa mwembamba kama uzi unazibika kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Uliofika ndani ya shimo haufai kuzibwa, utaendelea tu.

Usilipake mafuta ya kupikia ili ling'ae. Yananata, yanavunda, na sisimizi watapanga foleni kuelekea kwenye nyumba. Mafuta ya kitani yaliyopakwa kwa kitambaa, yakaachwa siku nzima, yakafutwa, yanatosha kwa mwaka.

Kete

Kete bora ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota pwani karibu na fukwe. Ni ngumu, laini mkononi, zinakaribiana ukubwa, na zina mlio: zikiangukia shimo lenye wenzake husikika tofauti na shimo tupu. Mchezaji mzoefu anausikiliza mlio huo bila kutazama. Gololi za kioo zinapatikana kila duka la vifaa vya watoto, ila zinarukaruka na kuviringika, na zikimwagika barazani utazitafuta mpaka uvunguni mwa gari. Mbegu za ukwaju ni bapa, zinashikamana na sakafu ya shimo. Kokoto zinakwaruza mbao. Maharage makubwa makavu yanafaa kwa dharura.

Hesabu kete mbele ya muuzaji. Wengi wanatoa 48, wengine wanajaza tu mfuko. Zinatakiwa 64, na wewe nunua 70, kwa kuwa wiki moja na watoto haipiti bila kete kupotea. Kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3, mfuko ukae juu: komwe ina ukubwa uleule wa kumkaba mtoto koo.

Kununua au kuagiza

Mwenge, kwenye vinyago, ndiko mahali rahisi kwa aliyeko Dar es Salaam, kwa sababu unaweza kuzungumza na anayechonga mwenyewe. Vibanda vya mbele vina mabao ya mapambo. Uliza lililo nyuma, lisilo na picha ya twiga ubavuni. Mji Mkongwe, Zanzibar, maduka ya njia ya Gizenga yanauzia wageni na bei imepangwa hivyo. Ukiwa huko, nenda Jaws Corner jioni watu wanapokunywa kahawa, tazama bao wanalochezea, uliza limechongwa na nani. Utaelekezwa. Bei haijaandikwa popote na Desemba inapanda, kwa hiyo anayeweza kununua Oktoba anunue Oktoba.

Lakini njia tunayoipendekeza zaidi ni seremala wa mtaani kwako, umpe vipimo kwenye karatasi. Ubao sentimita 65 kwa 33, unene 5, mbao kavu. Kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine sentimita 7, kwa urefu na kwa upana, isipokuwa kati ya safu mbili za mbele, ambapo unaongeza 1 iwe 8. Mashimo upana 6, kina 3, ya bakuli. Msasa namba 80, kisha 120, amalizie na 240. Pasipo huo wa mwisho nyuzi za mbao zinakamata kete.

Ubao mmoja wa mninga wenye upana wa 33 haupatikani kirahisi, na fundi ataunganisha mbao mbili. Hakuna ubaya. Mwambie kitu kimoja tu, na umwambie kabla hajaanza: kiungo kipite katikati kabisa, kati ya safu mbili za mbele, pale mlipoongeza sentimita 1. Kiungo kikipita ndani ya safu ya mashimo, patasi itakifungua, na baada ya miezi michache gundi itaachia. Agiza mapema. Desemba mafundi wamezama kwenye vitanda na makochi ya watu wanaotaka sebule mpya kabla ya wageni.

Na kama bajeti imekwenda yote kwenye nauli, ambayo ndiyo matumizi ya kwanza yanayostahili, chukua trei mbili za mayai za karatasi. Trei moja ina matundu 30, safu 5 za matundu 6. Kata kila moja ubakize 4 kwa 4, ziunganishe kwa gundi au uzi: umepata 4 kwa 8, mashimo 32. Tundu la trei ni dogo kwa komwe, kwa hiyo tumia maharage. Linadumu wiki ya sikukuu ikiwa hakuna atakayeliketia. Mchangani nako panafaa: mashimo 32 yaliyochimbwa kwa kiganja chini ya mwembe, bila senti.

Kuwafundisha ndani ya siku tatu

Kosa kubwa la wanaonunua bao ni kuanza na mchezo kamili usiku wa Krismasi, watu wameshiba pilau, watoto wana usingizi. Nyumba, safari, kimbi, vyote kwa pamoja. Baada ya robo saa simu zimeshatolewa mifukoni. Anzeni na bao la kujifunza, na muanze asubuhi au alasiri, mkekani, mbali na televisheni.

Kujifunza ni hivi. Weka kete 2 kwenye kila shimo. 32 mara 2 ni 64, hakuna ya mkononi. Mchezaji anachagua shimo lake lenye kete 2 au zaidi, anazichota zote na kuzipanda moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kulia au kushoto kama atakavyo, akizunguka ndani ya mashimo yake 16 tu. Kete ya mwisho ndiyo inayoamua. Ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu ya mwenzake. Ikiangukia shimo lake la mbele lililo na kete, na shimo la mpinzani linalolikabili lina kete, anakula: anachota kete za shimo hilo la mpinzani na kuzipanda upande wake mwenyewe, akianzia kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, anazoa zilizomo na kuendelea mbele kwa mwelekeo uleule.

Kula ni lazima. Mwenye nafasi ya kula hawezi kuiacha kwa sababu amependa mchezo mwingine. Na ikiwa kete ya mwisho ya mpando wa kwanza haikula, zamu hiyo yote ni ya kutakata: hata baadaye ukiangukia mahali panono, huli, unaendelea kupanda mpaka ulale. Kanuni hii moja ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, hata na watu wazima wanaojigamba walicheza utotoni, na ikisahauliwa bao linakuwa la bahati nasibu.

Kosa la pili ni la kimbi. Mashimo mawili ya mwisho kila upande wa safu ya mbele ni kimbi. Ukila kwenye kimbi cha kushoto, unaanza kupanda kutoka kichwa cha kushoto; cha kulia, kichwa cha kulia. Ukila katikati, unashika mwelekeo uliokuwa nao. Wanaoanza huanzia kichwa chochote kilicho karibu na mkono. Mketisheni mtu mmoja pembeni, ikiwezekana bibi au mjomba anayelijua, kazi yake iwe hiyo tu: kutaja kichwa. Anakuwa mwamuzi, na hakuna anayebishana naye.

Siku ya tatu mnaingia bao kamili. Kila mmoja anaweka kete 6 kwenye nyumba, na 2 kwenye kila shimo kati ya mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Hizo ni 10, zinabaki 22 mkononi. Kila zamu unatia kete 1 ya mkononi kwenye shimo lako la mbele lililo na kete; huko ndiko kunamua. Shimo la mpinzani linalolikabili likiwa na kete, unazila na kuchagua kichwa cha kuanzia, isipokuwa yale tuliyoyasema ya kimbi. Kete za mkononi zikiisha, mnaingia mtaji, awamu ya pili ya mchezo, na kanuni ni zile mlizozizoea siku mbili zilizopita.

Nyumba ina heshima yake. Ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikatua nyumbani, una hiari: ulale hapo, nyumba izidi kunenepa, au usafiri, uzizoe zote na kuzitawanya. Watoto husafiri mara ya kwanza wanapopata nafasi, kwa furaha ya kushika kete nyingi. Waacheni. Wakifungwa mara mbili wataanza kuuliza kwa nini babu hasafiri mapema, na swali hilo lina majibu ya jioni nzima.

Anayeishiwa kete safu ya mbele, au asiye na mchezo wa kucheza, amefungwa. Aliyefungwa kete za namua zikiwa bado hazijaisha amefungwa mkononi, na atataniwa hadi Mwaka Mpya. Mchezo wa wanaojifunza huchukua nusu saa hivi.

Kanuni za bara na za pwani zina tofauti ndogondogo, na Malawi, ambako mchezo huu unaitwa bawo na unachezwa kwa ari ileile, wana za kwao. Kubalianeni kabla ya kete ya kwanza, hasa kuhusu nyumba. Bila hivyo mjomba wa Tanga na shemeji wa Songea watamaliza Boxing Day wakibishana, ingawa, kusema kweli, hata ubishi huo ni afadhali kuliko kimya cha watu 10 na simu 10.

Vijiweni bao limezoeleka kuwa la wanaume, na wapo watakaolipeleka nyumbani na desturi hiyo. Hilo ndilo jambo ambalo hatulikubali katika matumizi ya sikukuu. Ikiwa baba na wajomba wanacheza barazani kuanzia saa 4 asubuhi huku mama na mashangazi wako jikoni na sufuria ya pilau, bao limewagawa watu badala ya kuwakutanisha. Mpangilio unaofanya kazi: anayefungwa anakwenda kumenya vitunguu, anayetoka jikoni anachukua nafasi yake. Wapambe wanaruhusiwa kupiga kelele wanavyotaka, ila mpambe haguzi kete.

Programu za simu

Zipo programu za bao za simu, na kama mashine ya kujifunzia kanuni zina manufaa: zinakataa mchezo usio halali, kwa hiyo ubishi wa takata unakwisha. Lakini zinapanda kete zenyewe. Unagusa shimo, kete zinaruka, zamu imekwisha, na mtoto hajahesabu chochote. Hesabu ya kichwani, ile ya kukadiria kete 7 zitaishia wapi kabla hujazishika, ndiyo kazi yote ya bao, na programu imeiondoa. Isitoshe kioo cha simu kinatazamwa na mtu mmoja. Tumieni kwenye basi, njiani.

Kulisafirisha na kuliacha

Buti la basi linalokaa juani ni oveni. Liviringishe bao kwenye kanga mbili, lilale bapa chini ya begi la nguo, lisisimamishwe kwa ncha, lisikae juu ya kreti za soda. Kete zisisafiri ndani ya mashimo zikiwa zimefungiwa kwa utepe wa gundi. Utabandua mafuta ya mbao na kuacha alama. Ziwe kwenye mfuko wa kitambaa, begi la mkononi.

Kila jioni, kabla ya kulala, mtoto mmoja apewe kazi ya kuhesabu. Kete za bao hazitoki mchezoni, zinahama tu kutoka upande huu kwenda ule, kwa hiyo mwisho wa siku lazima zitimie 64. Zikiwa 63, tazameni chini ya mkeka na kwenye mifuko ya suruali.

Mkirudi mjini, bao libaki kijijini. Liwekwe kivulini, lilale, mbali na jiko la kuni na mbali na dirisha linaloingiza mvua. Mfuko wa kete ufungwe kwa kamba kwenye bao lenyewe, usiwekwe kabatini peke yake, kwa kuwa Desemba ijayo bao litaonekana na kete hazitaonekana.